Kwa Irmela, Aliyeandika Akivisikiliza Viti

Mwaka umekatika, wifi yangu Irmela, tangu ulipoinamia taipureta yako asubuhi ile ya Novemba usiinuke tena. Kahawa yako ilikuwa bado inatoa mvuke. Kaka yangu Eugen, mumeo, alidhani umeinama ili usome, maana miwani ulikuwa unaipoteza kila siku, akapita kwa kunyata asikusumbue. Hadi leo hajajisamehe kwa huko kunyata.

Familia imenipa mimi, Waltraud, kazi ya kuandika kumbukumbu hii. Wamenipa kwa sababu Eugen akishika kalamu analia, na wanao wawili hawasemezani. Nami unanijua, sina ulimi wa kubembeleza. Aliyetaka maneno ya asali angemtafuta mchungaji. Mimi nina hasira, nimekaa nazo mwaka mzima, na za kwanza ni juu yako.

Ndiyo, juu yako. Nani alikwambia kifua kikibana dawa yake ni kuendelea kuandika? Tulikusihi jikoni kwangu, keki ya plamu iko mezani, uende kwa daktari. Ukasema, "Wifi, ni ile brezeli ya jana, ule mkate wa chumvi, imekwama njiani."

"Brezeli gani inapanda mpaka bega la kushoto?" nikakuuliza.

Ukacheka, ukajikatia kipande kingine cha keki. "Nikimaliza sura hii nitakwenda. Naapa."

Mkaidi wee! Sura hukuimaliza na kwa daktari hukwenda. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe ulisikia vizuri kabisa, ukapuuza, na miguu iliyovunjika ni yetu.

Lakini nisije nikadhaniwa nimekuja kukusema tu. Ulikuwa mtu mwema, Irmela, na wema wako haukuwa na tarumbeta. Kibao cha zamu ya kufagia ngazi kilipotundikwa kwenye kitasa chako, hakuna jirani aliyelazimika kukukumbusha. Siku walipokuja watu wa televisheni kutoka Stuttgart, na taa zao na nywele zao, uliwakuta ngazini ukiwa na ndoo mkononi. "Juu nimeshapiga deki," ukawaambia. "Atakayekanyaga, atapiga yeye." Wakakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, wamekumbatia kamera zao, mpaka sakafu ikakauka. Na mzee Pfisterer wa ghorofa ya tatu alipovunjika nyonga ulimfagilia zamu zake zote. Akalalamika kwamba kwenye pembe kumebaki vumbi. Ukarudi ukafagia pembe.

Watu wanasahau ulianzia wapi. Ulikuwa karani wa kiwanda cha soksi, unachapa barua za bosi asubuhi, na wenzako wakienda kula wewe unachapa habari za wingu lililokuwa likiiba nguo kwenye kamba za kuanikia. Kile kikawa kitabu chako cha kwanza. Magazeti ya enzi zile yalikuparua. Yalisema mtoto wa Kijerumani anahitaji kuelezwa viwanda na migomo na kodi ya nyumba, si mawingu yanayoiba soksi. Mwenye duka la vitabu pale sokoni, mjini kwetu Dettelbronn, alikuuliza mbele ya wateja, "Bibi Sauter, sasa lini utaandika kitabu chenyewe?"

Kitabu chenyewe! Mwezi uliopita mtu huyohuyo alipanda jukwaani akafunua kibao cha shaba chenye jina lako, akajifuta chozi, akasema mji mzima ulikuamini tangu mwanzo. Mimi nilikuwa na mwavuli. Eugen akanishika mkono akaninong'oneza, "Waltraud, mwache." Nikamwacha. Lakini Mungu anajua nilichotaka kufanya na ule mwavuli.

Sasa nieleze jinsi ulivyokuwa ukifanya kazi, maana ugomvi wote wa nyumba hii umetokea hapo. Kitabu chako hakikwenda kwa mchapishaji kabla hakijapita darasa la tatu la shule ya msingi. Ulikwenda pale na mswada, unageuza kiti chako, unawapa watoto mgongo, unasoma ukiutazama ukuta. Walimu wageni walidhani una haya. Haya gani! Ulinieleza mwenyewe: "Wifi, mtoto aliyefunzwa adabu atakuchekea mpaka mashavu yamuume. Makalio hayana adabu." Kwa hiyo ulisikiliza viti. Hadithi ikimchosha mtoto, anajisogeza, na kiti kinakwaruza sakafu. Kila kilipokwaruza ulitia alama ya penseli bila kugeuka. Jioni tulikusikia ukifoka peke yako, "Vimelia ukurasa mzima! Ukurasa mzima!" na ukurasa huo ukaingia jikoni kuwasha moto. Vitabu vyako vyote vimepita hapo. Ndiyo maana bibi aliyevisoma utotoni anavisoma tena na mjukuu na hakuna anayesinzia.

Vyote isipokuwa kimoja.

Ulituachia kile cha mwisho, cha mlima uliochoka kusimama. Mlima unashuka mjini, unabisha hodi kwa bibi mmoja mjane, unapanga chumba cha uani. Na kwa kuwa ni mpangaji kama wapangaji wengine, wiki yake ikifika nao unatundikiwa kibao: ufagie ngazi. Ukifagia, unadondosha mawe. Ukiokota mawe, unadondosha mengine. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Karatasi ya mwisho tuliikuta ndani ya taipureta, na mstari wake wa mwisho ulikuwa huu: Mlima ukaegemeza fagio ukutani, ukamtazama bibi, ukasema. Basi. Hapo ndipo ulipotuachia.

Hata maua ya mazishi hayajanyauka, akaja bwana Rehbock wa kampuni ya vitabu. Kijana mzuri wa viatu, sauti ya kuuza bima. Akakaa kwenye kochi lako akasema watoto wa nchi nzima wanangoja, na kwamba wamempata mtu "mwenye mkono laini" wa kuandika mwisho. Alikuwa ameshauandika! Alikuja nao mkobani. Katika mwisho huo mlima unalia chozi moja, chozi linakuwa mto, majirani wote wanaukumbatia, kila mtu anajifunza kuyatunza mazingira, mlima unarudi kwao ukiimba.

Almut, binti yako, alisoma amesimama. Alipofika kwenye kuimba akaziweka karatasi mezani kama mtu anayeweka panya.

"Kwenye vitabu vya mama yangu hakuna anayejifunza jambo," akasema. "Watu wanafagia tu."

"Ni mwisho wenye matumaini, bibie," Rehbock akajibu.

"Matumaini yako au yake?"

Kwetu warithi wote lazima watie sahihi. Mmoja akikataa, mchapishaji anarudi na kalamu yake. Eugen alitia, na simlaumu, siku zile hata hati ya kunyongwa angetia. Burkhard mwanao naye akatia. Almut akakataa, na hapo nyumba ikapasuka.

Nimtendee haki Burkhard. Hakuwa anatafuta makubwa. Alikuja kwa dada yake ameshika kofia, macho mekundu. "Almut, hujui dunia inavyokwenda," akamwambia. "Mwandishi asipotoa kipya, rafu zinasafishwa. Miaka michache tu, na Mama hayupo madukani. Nataka wanangu wamkute."

"Watamkuta huyo wa mkono laini, siyo Mama."

"Sura zote nyingine ni za Mama!"

"Hazijapita kwenye viti, Burkhard. Hata moja! Unamjua Mama. Angekubali?"

"Mama amekufa!"

"Kwa hiyo ndiyo tumvalishe nguo yoyote?"

Nilikuwepo, nikajaribu kuwapatanisha kwa saladi ya viazi. Haikuliwa. Mwishowe Almut akasema neno moja: mswada uende darasa la tatu, na mwisho wa Rehbock uende nao. Viti vikinyamaza, atatia sahihi hapohapo, mbele ya watu. Burkhard akakubali. Rehbock akakubali akitabasamu, maana aliona ni mchezo wa watu wa mkoani.

Tukaenda wote, isipokuwa Eugen, aliyesema hawezi kuona kiti chako kimekaliwa na mwingine. Almut akageuza kiti, akawapa watoto mgongo, akatazama ukuta uleule. Akasoma mlima ulivyobisha hodi, akasoma ule mkutano mrefu wa wapangaji kuhusu takataka, akasoma habari za fagio, akafika pale ulipokatikia. Akaendelea na chozi na mto na nyimbo mpaka nukta ya mwisho.

Kimya. Kiti hata kimoja hakikulia, mwanzo mpaka mwisho.

Rehbock akaishusha kalamu mbele ya Almut, polepole, kama mtu anayemlisha ndege. "Viti vimesema, bibie. Sharti lako mwenyewe."

Niliuona uso wa binti yako, Irmela. Ulikuwa mweupe. Ni mtu wa neno lake, hilo kalirithi kwako. Akaishika kalamu. Burkhard alishaanza kulia kwa furaha. Kalamu ikafika kwenye karatasi, ikasimama.

"Hata kimoja?" Almut akauliza. "Mama mwenyewe hajawahi kupata kimya hiki. Hata kwa lile wingu, na wingu lilimpa umaarufu." Akageuka kwa mara ya kwanza, akawatazama watoto, kisha akatazama chini. "Mwalimu, hii ni nini?"

Bi. Kurz, mwalimu wao, akang'aa kwa fahari. "Mipira ya tenisi! Klabu inatupa iliyochakaa, tunaipasua kidogo, tunauvisha kila mguu wa kiti. Zamani hapa kulikuwa na makelele, Mungu wangu! Sasa mtoto ajisogeze anavyotaka, husikii kitu."

Mungu wangu na mimi! Miaka yote hiyo ulikuwa unavisikiliza viti, na sisi Wajerumani na utaratibu wetu tumevivisha viatu. Ni sisi tu duniani, nakuapia, tunaoweza kufanya hivyo na tukaona fahari.

Almut akapiga magoti. Mwanamke wa makamo, sketi yake nzuri, magoti sakafuni, anang'oa mipira. "Watoto," akasema, "vivueni viti viatu."

Unajua watoto wakipewa ruhusa ya namna hiyo. Mipira ikaruka kila upande, mmoja ukampiga Rehbock shingoni, Bi. Kurz anapiga kelele, "Taratibu! Tutairudisha yote!" Burkhard akasema, "Almut, umeshindwa, kubali." Almut hakujibu. Akakaa, akawageuzia mgongo, akaanza upya.

Safari hii viti vilisema. Kwenye fagio vilinyamaza, watoto wakacheka tu. Lakini kwenye ule mkutano wa takataka vililia mwanzo mpaka mwisho, na mkutano ule, wifi, ni wako, hakuna mkono laini pale. Kwenye chozi la mlima ndiyo usiseme. Darasa lilikuwa zizi la nguruwe siku ya kuchinja.

Rehbock si mjinga. "Umesikia mwenyewe," akasema. "Hata za mama yako zimelia. Basi hicho kipimo hakifai, au yeye naye alikuwa anachosha."

Hapo nilitamani tena mwavuli wangu. Lakini Almut alisimama akamrudishia kalamu. "Alikuwa anachosha, ndiyo," akasema. "Kila kitabu, mara ya kwanza. Halafu anakwenda nyumbani anakata. Hiki hakukikata. Mimi siwezi kumkatia, na wewe huwezi kumzibia. Hakitoki."

"Bibie, watoto wanangoja."

"Wangoje. Na sisi tunangoja."

Rehbock akafunga mkoba. Burkhard akamwambia dada yake, "Leo umemzika Mama mara ya pili, na safari hii umefanya peke yako." Akatoka. Tangu siku hiyo wanapishana sokoni kama watu wanaongoja mabasi tofauti. Na mimi, nikikwambia nani ana haki, nitakuwa mwongo. Nikimsikiliza huyu naona kweli, nikimsikiliza yule naona kweli. Ninachojua ni kwamba wewe ungelimaliza hili kwa penseli yako na kikombe kimoja cha kahawa, na hukuwepo. Hasira zangu zinaanzia hapo na zinarudi hapo.

Tulikuwa tunakusanya karatasi zako ndipo msichana mmoja akaja akasimama mbele ya meza. Finja, jina lake, meno mawili ya mbele hana, mikono kiunoni.

"Mlima ulisema nini?" akauliza.

"Umesikia," Almut akamwambia. "Ulilia, ukaimba."

"Huo siyo ule mlima. Ule wa fagio. Umeegemeza fagio ukutani, ukamtazama bibi, ukasema. Ulisema nini kweli?"

"Sijui, mwanangu."

"Anayejua nani?"

"Mama yangu, aliyeandika."

"Si umuulize?"

"Alikufa."

Finja akafikiri. "Kabla mlima haujasema?"

"Kabla haujasema."

Irmela, mtoto yule aliiva uso kwa hasira mpaka masikioni. Akapiga meza kwa ngumi, karatasi zako zikaruka. "Sasa kwa nini alianza?"

"Finja!" mwalimu akamkemea. "Omba radhi sasa hivi!"

"Asiombe," Almut akasema. "Mwache. Asiombe radhi." Tangu mazishi watu walikuwa wamemletea pole na maua, wakimwambia umepumzika, umeacha kazi iliyotukuka, tushukuru. Hakuna aliyekuja akapiga meza. Alimvuta yule mtoto akamkumbatia palepale, wakalia wote wawili kwa hasira, na mimi nikawa wa tatu.

Basi wifi, hapo ndipo tulipofika. Hatukushukuru. Watu watasema si adabu kumwandikia marehemu hivi, na waseme. Ulikuwa na jambo mdomoni ukaondoka nalo, nasi tumesimama mbele ya fagio lako mwaka wa pili sasa, tunangoja, na tunajua hakuna litakalokuja.

Tunaokukumbuka ni mumeo Eugen, ambaye sasa akipita chumbani kwako anakanyaga kwa kishindo. Binti yako Almut. Mwanao Burkhard, niliyeliandika jina lake bila kumuuliza, na akitaka kunigombeza mlango anaujua. Wajukuu zako Ronja na Lenz. Mzee Pfisterer wa ghorofa ya tatu. Finja na darasa zima la tatu. Na mimi wifi yako Waltraud.

Hatujamalizana nawe, Irmela, na wala hatutaki kumalizana.